Ufuko Uliowaita Watu

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii inawahusu sana wafanyabiashara, nao wafanyabiashara ndio wa kwanza kuidharau. Maana yake si ngumu: kitu chema hakina haja ya mpiga debe, kwa kuwa aliyekionja hurudi, na akirudi huja na mwenzake, bali kitu kibovu hakina budi kuzunguka kikijisifu, la sivyo kitaozea kilipo. Wengi huisema wakicheka, fungu la nyanya mkononi. Huko Kabuta, ukingoni mwa Ziwa Mweru, yuko mama mmoja asiyeweza kuisema bila mwili kumsisimka, na kisa chake ndicho hiki.

Mama huyo aliitwa Régine. Alivuka ziwa kutoka upande wa Kongo wakati wa vita, mtoto mgongoni na sufuria kichwani, akaanza maisha upya upande wa Zambia. Kwanza aliuza chisense, vile visamaki vidogo vinavyoanikwa mchangani hadi vikakauka. Alipopata nguvu kidogo alijenga nyumba ya wageni ya vyumba vinne, ya matofali ya kuchoma, kando ya barabara iendayo Chienge. Nyumba haikupakwa rangi, haikuwa na kibao, na choo kilikuwa nje. Lakini shuka zilikuwa safi, maji ya kuoga yalikuwa ya moto, na chakula chake, jamani, chakula chake kilikuwa kingine! Madereva wa malori ya samaki walipita bandari ya Kashikishi na njaa zao, ili tu waje wale chisense wa Régine waliokaangwa kwa mawese na vitunguu. Hapakukosa mgeni pale. Walimu walilala, wauguzi walilala, na mzungu mmoja wa kuchunguza ndege alikuja kwa usiku mmoja akakaa mwezi mzima.

Binti yake, Chouchou, alikuwa msichana mkubwa sasa, mwerevu, mwenye simu nzuri. Aliionea haya nyumba ile isiyo na rangi.

"Maman, hata kibao hatuna," alilalamika siku moja. "Bantu banapita tu hivi, habajue kama tuko hapa. Tupige picha, tutie ku watsapu. Leo kila kitu ni publicité, ni kujitangaza."

"Mugeni mwenye alikula bukari yangu, yeye njo kibao yangu," Régine alijibu, akisonga ugali wake ambao kwao huitwa bukari. "Anatembea na miguu yake, anasema na kinywa yake. Miye sina haja ya ingine."

Chouchou hakuridhika. Ujana nao una haraka zake, na nani kati yetu hakuwahi kuwa nazo?

Mwaka huo ndipo jina la Lulembe lilipoanza kuvuma. Ulikuwa ufuko wa upweke kaskazini mwa Kabuta, usiofikika kwa barabara. Kabla ya hapo hakuna aliyeutaja ila wavuvi, nao waliutaja kwa sababu ya kuupita mbali. Ghafla picha zake zikawa kwenye kila simu: mchanga mweupe, maji maangavu, anga lisilo na wingu. Hakuna aliyejua nani alipiga picha ya kwanza. Ukimuuliza aliyekutumia, yeye alikuwa ametumiwa na mwingine, na huyo mwingine vivyo hivyo, hadi uchoke kuuliza. Tena katika picha zote hizo hapakuwa na mtu hata mmoja, wala ndege, wala mtumbwi. Watu hawakulisema jambo hilo, maana macho yao yalikuwa kwenye mchanga.

Aliyewapeleka watu kule alikuwa Guylain, kijana wa Kikongomani mwenye boti ya injini pale Kashikishi. Guylain alikuwa na maneno ya kumtoa nyoka pangoni, na boti yake haikuondoka bandarini bila kujaa.

"Miye sikuitafuta Lulembe," alijigamba mbele ya abiria. "Nilikuwa najipitia na boti yangu, nikasikia banaita: kuya, kuya! Nikageuza. Plage, ile ufuko, inaita bateja yenyewe! Mulishaona wapi?"

Watu walicheka, kwa sababu pale Kashikishi kuitwa si ajabu. Boti ya samaki ikionekana tu, wanunuzi huingia majini hadi kiunoni na mabeseni yao, wakipaza sauti, na mvuvi humwelekea mwenye sauti kubwa kuliko wote. Kwa watu wa bandari ile, sauti kutoka ufukoni ni riziki. Hakuna aliyewafundisha kuiogopa.

Basi wageni wakamiminika, kutoka Mansa, kutoka Lusaka, wengine kutoka Lubumbashi. Waliokwenda na kurudi siku hiyohiyo walirudi na vichwa vizito, wakalala, wakapona. Lakini waliolala kule, hata usiku mmoja tu, walirudi wakiwa watu wengine.

Wa kwanza kuonekana hivyo hapo Kabuta alikuwa Ackson, mchuuzi aliyebeba samaki kwa baiskeli kuwapeleka bara. Ackson alikuwa mtu wa mzaha. Alizoea kumtania Régine kwamba sufuria yake ingekuwa mwanamke, angekwisha kuiposa. Alikwenda Lulembe, akalala, akarudi. Kuanzia siku hiyo aliiegemeza baiskeli yake kwenye nguzo, akasimama kando ya barabara akitazama kaskazini. Kila aliyepita alimwambia jambo moja, kwa sauti nzuri tulivu: "Ni pazuri sana. Usikose kufika."

Mkewe, Jessy, alikuja kwa Régine macho yamemvimba. Jessy alikuwa Mbemba, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni.

"Mayo ne, bamayo Régine," alisema. "Nampa nshima, ile ugali yetu, anakula kama anakula mchanga. Namuuliza, kule uliona nini? Hajui. Ulikula nini? Hajui. Anasema tu ile maneno yake. Na ile Kiswahili ni ya redio! Ackson wangu hajui Kiswahili ya vile. Yeye anajua ya kuuza samaki tu."

"Na bengine benye walilala kule?" Régine aliuliza.

"Wote hivi hivi. Wa siku moja wanapona. Wa kulala hawaponi."

Régine hakupenda kuamini habari za kuambiwa. Alipakua sahani ya chisense, akampelekea Ackson pale barabarani. Ackson aliipokea kwa adabu, akala yote, akashukuru, akatabasamu. Régine alimtazama machoni. Yalikuwa macho wazi, lakini ni kama madirisha ya nyumba iliyohamwa. Kisha Ackson alifungua kinywa, na kabla neno halijatoka Régine alikuwa amekwisha kugeuka, anatembea upesi kurudi nyumbani, nywele zimemsimama.

Jioni hiyo alimkataza binti yake waziwazi. "Chouchou, usikanyange ku Lulembe. Unasikia?"

"Maman, nitaenda kuona tu namna banafanya," Chouchou alisema. "Bageni bote wanapita hapa, wanaenda kule. Kule hakuna hata chakula! Banafanya nini ya kubavuta? Nikijua, na siye tutafanya."

"Nimesema hapana."

Chouchou aliinama akaosha vyombo. Kwa hakika nia yake haikuwa mbaya. Alitaka nyumba ya mama yake ijulikane, basi, na kosa lake lilikuwa kwenda kujifunza biashara kwa mwalimu asiyemjua.

Asubuhi Régine alirudi kutoka ziwani na beseni la samaki, akakuta sahani ya binti yake imefunikwa palepale mezani. Haikuguswa. Kwenye simu ya Régine palikuwa na ujumbe: "Maman, narudia magaribi. Usikasirike." Jessy alikuja mbio kutoka ufukoni akathibitisha: boti ya Guylain ilipunguza mwendo mbele ya Kabuta, abiria wakaita, na Chouchou akaingia majini na viatu mkononi, akicheka.

"Guylain mwenyewe haludi siku hizi jioni," Jessy alisema kwa sauti ndogo. "Anaenda asubuhi, analala kule, analudi kesho yake."

Régine aliweka beseni chini. Akakaa mlangoni kama mtu aliyepigwa. Binti yake angelala Lulembe. Kesho angerudi na tabasamu lile, asimame barabarani kando ya Ackson, na kwa maisha yake yote mama yake angempikia mtu asiyejua anachokula. Régine aliposhika wazo hilo hadi mwisho, aliinuka. Alijifunga kibwebwe, akaifunga sahani ile kwa kitambaa aichukue, akatia chisense wabichi kwenye mfuko, chupa ya mawese, vitunguu na nyanya, pamoja na sufuria, kisu na mwiko, akatoka.

Wavuvi wa Kabuta walimhurumia, lakini hakuna aliyekubali kumpeleka. Mmoja alisema nyavu zimeraruka, mwingine alisema mgongo. Aliyekubali alikuwa Kapembwa, mvuvi wa makamo, mtu mkavu aliyekuwa na ugomvi na nusu ya kijiji. Pengine alikubali kwa sababu wengine wote walikataa.

"Kamata kafi ile," alimwambia. "Injini yangu ni mikono, yako na yangu."

Walipiga kafi kutoka asubuhi ile hadi jua likaanza kuelemea upande wa Kongo. Mwanzoni ziwa lilikuwa ziwa. Inzi waliwafuata kwa harufu ya samaki iliyokolea kwenye mbao, ndege walipiga mbizi, na kutoka kwenye kambi za wavuvi ukingoni ulipanda moshi. Kisha kambi zikaisha. Halafu ndege wakaisha. Régine aligundua kwamba hata inzi waliokuwa miguuni mwake hawapo tena, na alishangaa kujikuta anawatamani. Mawimbi yaliacha kugonga ubavu wa mtumbwi. Alichovya kafi, akalivuta, na hakusikia maji.

"Kapembwa," alinong'ona, "mbona kimya hivi?"

"Tazama mbele," alisema Kapembwa.

Lulembe ilikuwa pale, na ilikuwa nzuri. Hilo lazima lisemwe. Mchanga ulikuwa mweupe kuliko katika picha, na maji yalikuwa safi hadi ukaona kokoto. Lakini hapakuwa na moshi, wala kichanja cha samaki, wala jiko, wala kibanda. Palikuwa na watu tu. Walisimama kwenye mstari mmoja, maji yakiwafika kwenye vifundo, wengine na suti za mjini, wengine na vitenge, mwingine na kofia ya jua ambayo bei yake bado ilining'inia. Wote walikuwa wameinua mkono wa kulia. Mikono ilipunga pamoja, taratibu, ikipanda pamoja na kushuka pamoja. Boti ya Guylain ilielea nyuma yao bila kufungwa, naye Guylain alikuwa mmoja wao.

Mtumbwi ulikuwa bado mbali walipoanza kuita.

"Karibuni. Ni pazuri sana. Msikose kufika."

Kapembwa aliacha kupiga kafi papo hapo, akauzuia mtumbwi mahali pamoja kwa mti mrefu aliouchomeka majini.

"Awe! Hapo hatushuki," alisema.

"Mutoto wangu eko pale!"

"Nimesema hatushuki. Sikiza, mama. Sisi watu wa maji, tukifika kambi ya wengine, mugeni ndiye anaanza. Tunagonga kafi kwa mtumbwi, tunasema odi, tunangoja. Mwenye nchi akitaka, anaitika. Nchi yenye watu haiiti mutu, iko na kazi yake. Hii imetuita mbele hatujagonga. Baba yangu aliniambia, ukiitwa hivi, geuza. Na usijibu. Ukijibu, umekubali."

Watu wa Kashikishi walikwisha kuisahau desturi hiyo kwa ajili ya soko lao, na ndiyo maana Guylain, aliyekulia katika kelele za wanunuzi, aligeuza boti yake siku ile bila kufikiri mara mbili. Kapembwa hakupenda soko wala kelele, na safari hii ukaidi wake ulikuwa na faida.

Régine alipitisha macho kwenye mstari wa watu, na moyo ukampasuka. Chouchou alikuwa karibu na mwisho, sketi imelowa hadi magotini, mkono juu. Alikuwa anamtazama mama yake.

"Mama, karibu," Chouchou aliita. "Ni pazuri sana. Usikose kufika."

Ilikuwa sauti yake. Lakini tangu aanze kusema, mtoto huyu hakuwahi kumwita Régine kwa jina lolote ila Maman, na Kiswahili hiki safi kama cha taarifa ya habari hakikuwa cha nyumbani kwao. Régine alitaka kupiga ukelele, kumwita kwa majina yake yote, kumwahidi kibao, rangi, picha na chochote atakacho. Alikwisha kuvuta pumzi. Kapembwa alimtazama, akatikisa kichwa mara moja. Régine alijiziba kinywa kwa mikono miwili, na machozi yakapita katikati ya vidole.

Jua lilizidi kushuka. Mstari ule haukuchoka. "Ni pazuri sana," waliita, na mikono ilipanda na kushuka.

Ndipo Régine akafanya jambo alilolifanya kila siku ya taabu maishani mwake. Sakafuni mwa mtumbwi palikuwa na mbabula, jiko dogo la makaa ambalo wavuvi hupikia wakiwa ziwani. Alilivuta, akawasha makaa, akaanza kukatakata vitunguu.

"Mama," Kapembwa alisema, kwa mara ya kwanza akionekana kuogopa, "unapika? Saa hii?"

"Mutoto yangu hakukula leo," alijibu kwa mnong'ono.

Alimimina mawese. Mafuta yalipata moto yakatoa ile sauti yao, na katika ukimya ule wa kutisha sauti hiyo ilikuwa kubwa kama mvua kwenye bati. Alitia vitunguu, vikabadilika rangi. Alitia nyanya. Alitia chisense, akageuza, akageuza tena, bila kuinua macho. Hakuita. Hakusifu. Upepo haukuwepo, lakini harufu ilitoka mtumbwini ikaenda zake juu ya maji kama mtu ajuaye njia.

Wito kutoka ufukoni ukapanda. Sasa sauti zao zilikuwa sauti moja, na maneno yalifuatana bila nafasi ya kuvuta pumzi: pazuri sana pazuri sana pazuri sana. Kapembwa alishika mti wake hadi vidole vikawa vyeupe. Régine aliendelea kugeuza samaki.

Alipoinua macho hatimaye, mkono wa Chouchou ulikuwa umeshuka.

Wengine wote bado walipunga. Chouchou alisimama mkono chini, uso umekunjika kidogo, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. Puani palimchezacheza. Alimeza mate. Kisha alipiga hatua moja mbele, na mstari mzima ukageuza vichwa kumtazama, wote kwa pamoja, bila kuacha kutabasamu.

Alipiga hatua nyingine. Maji yakamfika magotini, kiunoni, kifuani. Aliyumba, akaanguka, akainuka akikohoa. Kila kiungo cha Régine kilitaka kujitupa majini, na alishikilia ukingo wa mtumbwi kwa nguvu zake zote asiende. Aliogopa kwamba hata kunyoosha mkono kungekuwa kuita. Chouchou alifika. Vidole vyake vya baridi vilishika ukingo kando ya vidole vya mama yake. Midomo ilitikisika muda mrefu bila sauti, kisha akagonga mbao kwa kiganja, polepole.

"Odi," alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Maman... odi. Nasikia njala."

"Karibu, mwanangu," alilia Régine. "Karibu, karibu, karibu!" Alimkamata kwapani akamvuta ndani, akamkumbatia na maji yake yote, akampa sahani, akampa na sufuria. Chouchou alikula kwa mikono miwili akilia, na mara akaacha kula akasema chumvi ni kidogo. Régine hakuwahi kusikia neno tamu kuliko hilo.

Walingoja hadi mafuta yalipokauka sufuriani. Mwanamke mmoja wa kitenge alifuata ile harufu akafika, akagonga, wakampakia. Wengine hawakushusha mikono yao, na Guylain ndiye aliyeita kwa nguvu kuliko wote. Jua lilipogusa maji, Kapembwa aligeuza mtumbwi.

Régine alitazama nyuma mara moja tu. Hakuona mchanga. Aliona tope jeusi na matete yaliyooza, na katikati ya matete, mikono ikipanda na kushuka.

Siku nyingi zilipita. Lulembe haikuacha kusifiwa, na boti ile bado ilipita asubuhi ikiwa imejaa. Régine alipojaribu kuwaonya wageni, walimcheka wakadhani ni wivu wa biashara, na baadhi walikwenda mbio zaidi kwa sababu ya kuonywa. Ackson alibaki barabarani, ingawa siku moja alipokuwa akila alisema chumvi imezidi, na Jessy akatoka mbio nje akipiga vigelegele. Chouchou alipika, alifua, alicheka tena. Lakini hakuitaja Lulembe hata kidogo, na mama yake hakuthubutu kuuliza. Nani ajuaye kitu kinachobaki ndani ya mtu? Mara nyingi Régine aliacha kazi yake akamtazama binti yake midomo tu, akiogopa kitakachotoka.

Kisha ikaja gari ndogo kutoka Lusaka, mume na mke wa Kikongomani, Dan na Vanessa, wakitafuta boti ya kwenda Lulembe. Walisimama mlangoni kuuliza njia. Vanessa alikuwa na simu mkononi.

"Tulitumiwa sauti ya musichana moja anaelezea ile plage," alisema. "Anaelezea muzuri sana! Musikie."

Alibonyeza. Na kutoka kwenye simu ya mgeni, Régine akasikia sauti ya mtoto wake mwenyewe, tulivu, tamu, kama ya redio: "Ni pazuri sana. Usikose kufika."

"Maman, maji ya kunawa hii..." alikuwa anasema Chouchou, akitoka jikoni na ndoo. Alisimama palepale. Vanessa alimtazama, akatazama simu, akamtazama tena.

"Lakini ni weye!" alisema kwa furaha. "Donc ulifika kule! Sema basi, dada, tuende? Kuko namna gani?"

Régine hakuweza kusogea. Aliona kidevu cha binti yake kikiinuka. Aliona tabasamu likianza, lile lile, meno bila macho. Mkono wa kulia wa Chouchou uliachia ndoo ukaanza kupanda.

"Ni pa..." alisema Chouchou.

Aliuma mdomo. Aliuma hadi damu ikatoka, ikateremka kidevuni. Mkono wake bado ulikuwa hewani, akaukamata kwa mkono wa kushoto akaushusha kwa nguvu, kama mtu anayemshusha mbuzi mkaidi. Alipumua. Na aliposema tena, alisema kwa Kiswahili cha kwao.

"Ile sauti ni yangu. Ile maneno haiko yangu," alisema. "Kule sikuona kitu, dada. Nilisimama mu maji, nikaita bantu. Ni ile tu. Niliita hata maman yangu."

Dan aliichukua simu kutoka mkononi mwa mkewe, akaizima. Régine alimwendea mwanawe, akamfuta damu kwa ncha ya kitenge, na sasa hakuwa na shaka tena ni nani aliyesimama mbele yake. Wageni wale wawili walilala Kabuta usiku huo, katika nyumba isiyo na rangi wala kibao, na hakuna aliyewaomba.

Mwenye masikio na asikie, na akiitwa kwa sauti tamu na asiyemjua, aulize kwanza kwa nini anaitwa. Hakika, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.